Bunduki ya Mzee Jirani na Mkono Wangu wa Kushoto

Wiki iliyopita nilikuwa na shughuli Kensington, mtaa wa Joburg, nikajikuta nimesimama mbele ya gereji moja kando ya barabara kuu. Siku hizi mle wanauza magodoro. Kijana wa duka akaniuliza natafuta saizi gani, nikamjibu natafuta harufu tu ya mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao. Akanitazama mara mbili, wala sikumlaumu.

Ngoja nikueleze, mwenzangu. Nilikuwa na miaka tisa, majira ya baridi ya mwaka 2010, ule wa Kombe la Dunia, Joburg nzima inapuliza vuvuzela tangu alfajiri. Baba yangu ni seremala wa Tanga. Kule tulikokaa mwanzo tulifukuzwa kwa mawe kwa kuwa ni wageni, zana zake zote zikabaki huko, na mpaka leo hatujui nani anazitumia. Tulipohamia Kensington, mzee jirani, mgane aliyestaafu kazi ya kuchonga vyuma migodini, ndiye aliyempa baba nusu ya gereji yake na zana za kuanzia. Kodi hakutaka. Alitaka baba amchongee mbao ya bunduki.

Mzee alikuwa akijiundia bunduki ya kuwindia swala, kipande kwa kipande, na vyote vya maana, si vya kuokoteza. Mtutu aliuagiza ng'ambo, na siku ulipofika alituita sote tuutazame, amevaa shati la kutokea. Kibali cha polisi alikuwa nacho, na vyuma vililala kwenye sefu yake. Vikitoka, vinatoka mkononi mwake mwenyewe. Ilibaki ile mbao ya kubeba mtutu na kuegemea begani. Ilikuwa ya mti wa jozi, ya kahawia yenye mishipa myeusi, na alikuwa ameikausha tangu mkewe yuko hai. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaninusisha. "Hii, mwanangu, haina ya pili," akasema. "Nikiikosea, gereji ndiyo basi."

Bibi, mama yake baba, hakuipenda kabisa habari hiyo. "Yaani umevuka nchi zote hizo uje kuchonga bunduki?" alimwuliza, huku akikuna nazi. Ila vita vyake vikubwa vilikuwa na mimi, maana nilizaliwa natumia kushoto. Tukikaa mkekani kula, alinifunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha kanga kuukuu. "Mkono wa chooni huo! Kulia, mama, kulia!" Usimfikirie vibaya. Akishafunga ananibusu utosini, na kipande cha kwanza cha samaki kilikuwa changu. Aliponiuliza kama na shuleni nimeacha kuandikia kushoto, nilimwambia wallahi nimeacha. Uongo mtupu. Nimesoma madrasa, najua uzito wa neno hilo, na kila nikisikia kikohozi chake nilihamishia kalamu kulia.

Nikitoka shule nilikwenda kukaa gerejini juu ya gunia la maranda. Saa kumi mzee alileta chai nyekundu na biskuti ngumu za kuchovya, na ndipo nilipoanza kumtazama. Kikombe alishika kwa kushoto. Tupa alisukuma kwa kushoto. Alipotaka kutuonyesha alivyomkosa swala mwaka uliopita, alinyoosha mikono na kuegemeza bunduki ya kuwazia tu kwenye bega la kushoto. Lo! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, na hakuna aliyemfunga kanga!

Baba hakuona. Kwanza, kichwa chake kikishaingia kwenye mbao, hata umwite jina hasikii. Pili, komeo la bunduki, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, lilikuwa la kawaida, la mkono wa kulia, na mzee alishazoea nalo hivyohivyo. Lakini la kweli ni hili: kwetu sisi mtoto anaweza kuwa wa kushoto, akafundishwa, yakaisha. Mzee wa kushoto ni kitu ambacho baba hakuwahi kukifikiria, basi akamtazama kila siku bila kumwona.

Jumamosi nikamkuta baba ameshapiga penseli. Uvimbe wa kuwekea shavu aliuchora upande mmoja, ule wa watu wanaolenga kwa bega la kulia, na upande wa pili akauchora mistari, maana yake huo ni wa kukata utupwe. Mzee alihitaji upande huohuo wa kutupwa. Nikisema, baba atauliza nimejuaje, itabainika nami bado natumia kushoto, na uongo wangu utafika kwa bibi. Nikinyamaza, mbao imekwisha, na sisi tunaanza tena kutafuta pa kufanyia kazi na zana za kuazima. Baba akashika msumeno.

"Baba, si upande huo!"

"Upande gani tena?"

"Mzee ni wa kushoto. Kama mimi." Nikaanza kulia, na lingine lote likatoka: shule, kiapo, yote.

Baba aliweka msumeno chini, akachukua ufagio, akaenda kugonga mlango wa mzee. "Samahani, mzee wangu. Hebu lenga na huu." Mzee akacheka, akaubandika ufagio bega la kushoto, shavu juu yake, jicho moja amefumba. Baba akakaa palepale kwenye ngazi.

"Eish, si unaniona kila siku?" mzee akasema. "Nilidhani unajua."

"Alhamdulillahi," baba akasema, "alhamdulillahi," kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka, makamasi na yote.

Jioni bibi alikuja na kipande chake cha kanga. Baba akamweleza kisa chote, halafu akasema, "Mama, mwache. Mkono huu leo umetuokolea mahali pa kazi." Bibi akaikunja kanga yake mkononi. "Kula ni kulia," akasema mwishowe. "Kalamu aishike apendavyo." Kanga akaenda kuitumia kuipua sufuria motoni.

Bunduki iliisha kabla baridi haijaisha, na mzee akapata swala wake. Leo yeye hayupo, gereji ni ya magodoro, na bibi tulimzika Tanga. Kwenye matanga ndipo baba aliponiambia jambo. Kile kiapo changu cha uongo, bibi alikifungia yeye saumu siku tatu kuwa fidia yake, kwa kuwa mimi nilikuwa mdogo. Siku zile tatu alinipakulia mchana samaki na wali, akakaa pembeni akinitazama. Nilimwuliza mbona yeye hali chakula. Akaniambia ameshiba.