Firigisi ya Beki

Juzi nilikula kuku katika kihoteli kimoja pale Lubao, na mhudumu akaniwekea firigisi juu ya sahani bila hata kunitazama usoni. Wewe uliyekulia huku utaelewa kwa nini niliikodolea macho mpaka ugali ukaanza kupoa.

Kwa nyanya, firigisi, au imondo kama tulivyoiita, haikuliwa na mwanamke. Ilikuwa ya mwanamume wa kuheshimiwa. Babu alikuwa amefariki, kwa hiyo nyanya alimpa jirani yetu, beki wa timu moja ya Kakamega iliyokuwa ligi kuu wakati huo. Timu ikishinda, kuku alichinjwa. Ikishindwa, tulikula mboga. Msimu ule kuku wa nyanya waliishi maisha marefu.

"Beki, jogoo wangu anakusalimia," nyanya alimtania juu ya ua. "Anasema uendelee hivyo hivyo."

Mimi, mjukuu wake wa kike, niliuliza kwa nini anayepika ndiye asiyeruhusiwa kuonja.

"Maswali yako itakumaliza," alinijibu. "Pukuchua mahindi."

Ikabaki mechi moja, kule Nakuru. Sare tu ingetosha timu isishuke daraja. Beki alipita alfajiri na begi lake, viatu vya mpira amevipaka mafuta ya kujipaka mpaka vinang'aa. "Mama, leo hiyo imondo usikatie mtu," alisema. Alipoondoka tu, nyanya akamkamata jogoo mwekundu. Hakuwa amewahi kuchinja kabla ya mechi.

"Na wakifungwa?"

"Kwani ni mdomo yako inaenda kucheza?"

Mchana tulikaa kwenye gunia tukipukuchua, redio imening'inia kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mchuzi ukinukia nyuma yetu. Mtangazaji akasema wenyeji wako uwanjani, mwamuzi anatazama saa, timu ya Kakamega haijaonekana. Mikono ya nyanya ikasimama ndani ya mahindi. Sote tulifikiria barabara ile na ajali zake.

Kisha beki akaingia langoni, begi begani.

"Mko hai?" nyanya aliuliza.

"Tuko hai, mama. Basi ndiyo haikuja."

Walikuwa wameketi nje ya uwanja wetu tangu alfajiri, wakiambiwa wangoje kidogo, mpaka simu ya mkubwa wa timu ikazimwa. Wenyeji wakapewa pointi, na timu yetu ikashuka daraja bila kugusa mpira. Mkubwa huyo alisema redioni kwamba kulikuwa na changamoto za usafiri. Wiki iliyofuata tuliliona basi lile lile la timu likipeleka watu kwenye mkutano wa siasa, likipiga honi.

Nyanya alipakua kama alivyopanga, imondo juu. Beki akaitoa kwa vidole, akairudisha kwenye bakuli.

"Hii ni ya mtu ametoka kazi, mama. Mimi nimetoka kukaa."

Nyanya hakumbembeleza. Tulikula, na firigisi ikabaki pale mpaka mafuta yakaganda meupe. Asubuhi nyanya alimtupia mbwa.

Timu ile haipo tena. Nyanya hayupo. Beki anapakia miwa huko Butali, na ukimtajia mpira anakuuliza habari za mvua. Mkubwa wa timu bado anahojiwa redioni kuhusu maendeleo ya michezo, na sijasikia mtu akimuuliza lile basi lilienda wapi. Mimi niliyesoma nasema mila ya imondo iliwadhulumu wanawake, na sibadilishi neno. Lakini katika watu wote wa msimu ule, ni mmoja tu niliyemwona akikataa kitu kwa sababu hakukifanyia kazi.

Pale Lubao niliila yote. Ilikuwa ngumu, chumvi haba. Nilitafuna polepole, nikingoja mtu aniambie si yangu. Mhudumu alipita, akafuta meza, akaniuliza kama naongeza ugali.