Ukweli Mlangoni mwa Thieta

Hosteli yetu ya wanafunzi wa uuguzi ilikuwa na televisheni moja. Kila Alhamisi, taarifa ya habari ikishamaliza safari zote za Rais, tuliangalia mchezo wa madaktari wa ng'ambo. Daktari wao mkuu, kijana mtanashati, alikuwa na tabia ya kusimamisha kitanda cha mgonjwa hatua mbili kabla ya thieta, chumba cha upasuaji, akamshika mkono na kumwambia yote aliyofichwa. Tulilia kama waliofiwa. Huku kwetu Eldoret, ukweli aliambiwa mume.

Basi akaletwa mama mmoja kutoka Soy, mwenye mabinti wawili, akivuja damu kwa uvimbe. Daktari alimwita mumewe ofisini, akamweleza kwamba kizazi lazima kitolewe. Mimi ndiye niliyemshikia wino akabonyeza kidole gumba kwenye fomu.

"Yeye mwambieni anaoshwa kizazi tu," mume alisema. "Akijua atakataa."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, lakini nikanyamaza.

Kesho yake asubuhi nilipewa kazi ya kumsukuma mama huyo mpaka thieta. Tulipofika mlangoni nikasimama, nikamshika mkono.

"Mama, si kuoshwa. Wanatoa kizazi. Mzee wako ndiye amekubali."

Alinitazama. Kisha akashuka, akashika gauni kwa nyuma lisifunguke, akarudi wodini miguu mitupu. Daktari alitoka akiwa amevaa glavu tayari. Nilijua nimekwisha.

Metroni hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniamuru nikae na mama huyo hadi zamu iishe. Mchana akaanza kuvuja upya. Nilibadilisha shuka mara tatu. Vidole vyake vilikuwa baridi, na damu ya kumwongezea haikuwepo mpaka shemeji yake alipoitwa kutoka shambani kuja kutoa yake. Nilimwomba Mungu asinifie. Mume alikuja saa ya kuona wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda, na mkewe akageukia ukutani.

Jioni mama aliitisha fomu nyingine, akaweka kidole chake mwenyewe. Asubuhi akafanyiwa operesheni ile ile, akiwa dhaifu maradufu.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa nilimfungia mizigo yake polepole, nikingoja, sitadanganya, shukrani.

"Sista," aliniuliza, "wewe ulijua lini?"

"Siku moja kabla, Mama. Mzee alipoweka kidole."

"Na siku hiyo ulinipa dawa. Ukaniletea na uji."

"Ndiyo."

"Sasa mbona ulingoja mpaka kule mlangoni?"

Nilikuwa nimengoja kwa sababu ndivyo walivyofanya kwenye televisheni. Hilo sikuweza kumwambia. Niliinama nikamfunga viatu.