Kisanduku cha Gari Lililoruka Mto

Asubuhi ile niliondoka Singida mjini bila kujua naenda wapi. Kibarua cha kupakia vitunguu kilikuwa kimeisha, mwenye chumba alikuwa ameanza kuniuliza maswali ya mtu anayetaka chumba chake, na mimi nikikaa mahali muda mrefu miguu huanza kuniwasha. Nilisimama barabarani na begi langu. Fuso la kwanza kupunguza mwendo lilikuwa linakwenda Mkalama kuchukua alizeti. Lingekuwa linakwenda Itigi, ningekwenda Itigi.

Dereva alinitazama viatu kwanza, uso baadaye.

"Unakwenda kwa nani huko?"

"Sina mtu."

"Mtu haendi mahali asipokuwa na mtu. Wewe ni dalali."

Nilikana. Hakuniamini, ila njia ilikuwa ndefu na alihitaji mtu wa kuongea naye. Tulipoipita Mtinko akanirushia neno kama anayetupa chambo. "Au na wewe umefuata lile gari la sinema?"

Niliacha shule darasa la tano, Manyoni, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa banda la video nyuma ya stesheni. Kulikuwa na picha moja ya zamani ambayo mwenye banda aliirudia kila alipokosa mpya. Landrova fupi linakimbizwa porini, linafika kwenye mto ambao daraja lake limekatika, linaruka. Mtafsiri wetu aliongea juu ya kila kitu kwenye kipaza sauti, hata watu wa kwenye picha wakiwa wanasali, lakini gari likiwa hewani alinyamaza. Wakubwa walituambia sehemu ya picha ile ilipigwa huku kwetu, kaskazini. Niliitazama mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza gari lilikwenda wapi baada ya kutua.

"Liko kijiji kimoja jirani na Kinyangiri," dereva alisema. "Linalaliwa na kuku. Kuna fundi wa kwao alifanya kazi na wale wazungu wapiga picha, walipoondoka wakamwachia. Ameshakufa, yuko mkewe. Ila usisogee pale. Ndani mna rupia za Mjerumani."

Waliokulia mikoa hii hawahitaji kuelezwa. Inasemwa kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia mali yake, na hadi leo watu wazima wenye akili zao wanachimba vilima kuitafuta. Kule Mitundu nilifanya kazi na mtu aliyeuza ng'ombe ili achimbe chini ya jiwe. Inasemwa pia kwamba mali hiyo haifunguliwi bure, inataka damu.

Nilimwomba dereva anishushe. Akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilisema dalali?"

Boma nilielekezwa kwa vidole na watu ambao hawakutaka kulitaja. Niliona alizeti iliyokatwa imerundikwa uani, imekauka kupita kiasi, vichwa vimeanza kudondosha mbegu chini, na hakuna anayeipura. Kila boma nililopita watu walikuwa wanapura kwa makundi, wakisaidiana. Hapa kundi lilikuwepo, lakini lilikuwa limesimama nje ya ua wa miiba, likitazama.

Ndani ya ua alikaa bibi mmoja kwenye kigoda, kanga imefungwa vizuri, mikono juu ya magoti. Mbele yake alisimama mzee mwenye koti. Na nyuma yao kulikuwa na Landrova. Paa halikuwepo. Badala yake yalikuwepo mabomba ya chuma yaliyochomelewa kama kizimba, na springi za magurudumu zilikuwa nene kuliko za gari lolote nililowahi kupanda. Nyuma ya viti, kwenye sakafu, kulikuwa na kisanduku cha chuma kilichozibwa kwa kuchomelewa pande zote.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee."

"Marahaba," bibi alijibu.

Mzee alimgeukia bibi. "Shemeji, huyu ndiye mnunuzi wako?"

"Simjui."

"Anakuja leo, siku ya kikao cha gari, halafu humjui."

Wakahamia Kinyiramba, ambacho sikijui, na nikajua wananizungumzia kwa sababu kila mara macho yalirudi kwenye begi langu. Mama mmoja aliyekuwa kando ya ua, jirani wa bibi, ndiye aliyenieleza polepole, akiwa bado upande wake wa miiba.

Kuna mtu wa Arusha anayekusanya magari ya zamani. Mjukuu wa bibi aliyeko Dodoma alimtumia picha kwenye simu. Yule mtu akasema atalichukua, ila kwa sharti moja, kisanduku kisiguswe. Lehemu zile ndizo ushahidi kwamba hili ndilo lililoruka. Kikifunguliwa, ni Landrova bovu kama mengine. Na shemeji, mdogo wa marehemu, aliposikia kwamba kuna mnunuzi wa Arusha asiyetaka kisanduku kifunguliwe, akapata jibu la jambo alilolishuku maisha yake yote.

"Tangu hapo hatuji kumpuria," alisema yule mama. "Mali ya vile ikikaa kwa mtu, unajuaje itamtaka nani? Mimi nina watoto."

"Na bibi anasemaje?"

"Anasema ni mchanga." Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Nilikuwa tayari kumwamini bibi, lakini nikajikuta namchunguza na mimi. Katika watu wote waliokuwa pale, ni yeye peke yake ambaye hakukitazama kisanduku. Mtu asiyekitazama kitu amekizoea, au anaogopa macho yake yatasema. Na yule wa Arusha naye nilimtilia shaka. Anayependa gari la sinema anajuaje, kutoka kwenye simu, kwamba la maana ni kisanduku?

Bibi akarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, au kwa ajili ya shahidi yeyote. "Mume wangu aliniambia. Gari likiruka, pua ndiyo ina injini, inataka kutangulia chini. Wakaweka mchanga nyuma ili litue kwa magurudumu yote. Wakachomelea usimwagike. Ndiyo hayo tu."

"Shemeji," mzee alisema kwa upole, kama anayeongea na mtoto, "nani anachomelea mchanga? Mchanga uko mtoni, haumkimbii mtu."

Watu nje ya ua walicheka. Nikasema, bila kuulizwa, kwamba hilo gari lilitengenezwa Mjerumani akiwa ameshaondoka zamani.

"Sikusema aliweka Mjerumani," mzee alinijibu. "Kaka aliokota, akaficha. Wewe unajua sana, eh? Umetokea wapi?"

"Manyoni."

"Na umepitia wapi?"

Nilipaswa kunyamaza. Nilitaja sehemu nilizofanya kazi, pamoja na machimbo ya dhahabu ya Iramba, ambako nilikaa msimu mmoja nikibeba mawe. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaiweka habari hiyo mahali pake.

Bibi aliuangalia ule mlima wa alizeti. Akamwangalia yule jirani yake nje ya miiba, aliyekuwa ameshikilia mkono wa mtoto wake asiingie.

"Mleteni fundi," alisema.

"Bibi, yule wa Arusha hatalichukua tena," nilisema.

"Yule wa Arusha hatakuja kunipuria alizeti, mjukuu wangu. Wala kunizika."

Fundi alikuja kutoka Kinyangiri na bodaboda, amefunga jenereta ndogo nyuma. Kabla hajawasha mashine alimwuliza mzee kama kuna kitu kimechinjwa. Mzee akamtazama bibi. Bibi akasema kuku wake wanataga, hakuna atakayekufa kwa sababu ya mchanga. Fundi akavua pete yake ya ndoa, akaitia mfukoni, sijui kwa nini, akaanza kukata. Cheche ziliporuka watu walirudi nyuma, na mimi nilirudi nao. Nilikuwa nacheka rupia za watu tangu asubuhi, na nilirudi nyuma.

Kifuniko kilipoinuka hakuna aliyesogea. Bibi ndiye aliyenyanyuka, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na kuufungua mbele ya shemeji yake.

Mchanga. Mweupe, mkavu, wa mtoni.

Mzee hakuridhika, na sikutegemea aridhike. Akaagiza chekeche. Wakaumwaga wote juu ya turubai na kuuchekecha, mikono mingi sasa, maana woga ulikuwa umeanza kuwa aibu na aibu inataka kazi. Hawakupata kitu. Wanawake wakaanza utani. Mmoja akamwuliza mzee kama mgawo wake atauchukua kwa debe au kwa kisado. Mwingine akasema rupia zimeyeyuka kwa kusubiri. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshakaa tena kwenye kigoda, na yule jirani alikuwa ameingia ndani ya ua, mtoto yuko mgongoni, anavipapasa vichwa vya alizeti.

"Hii imechelewa," alisema. "Kesho tunakuja mapema, jua halijawa kali."

"Njooni," bibi alisema.

Niliuzunguka mzigo ule wa chuma kwa mara ya mwisho. Sina shaka kubwa kwamba ndilo gari lililoruka. Lakini ushahidi uliokuwa unasema hivyo ulikuwa sasa juu ya turubai, na kisanduku kilikuwa bati lililokatwa. Kuku mmoja alisharukia ndani kuangalia kama pana nafasi.

Kulikuwa kunaanza kuwa jioni, na sikuwa na pa kulala. Nilitaka kumwomba bibi kona, lakini mzee alinishika mkono. Alikuwa anaukusanya mchanga kwenye mfuko wa salfeti, punje kwa punje, anapangusa turubai kwa kiganja.

"Umesema ulikaa machimboni."

"Ndiyo, mzee."

"Mchanga wenye dhahabu unaonekanaje kabla haujaoshwa?"

Nikamwambia unaonekana kama mchanga. Nilikuwa nasema kweli, na nilipoona macho yake nikajua nimekosea kuisema.

"Wazungu hawawezi kuchomelea mchanga mtupu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe utalala kwangu."

"Bibi anaweza kunipa—"

"Kwangu. Kesho tunauosha, ukiwepo. Sitaki uniambie baadaye kwamba ulikuwa mpita njia tu."

Bibi alisikia. "Nenda naye," alisema, "ana kitanda kizuri. Na asubuhi mkimaliza kuosha, uje naye hapa. Kuna fimbo za kupuria za kutosha."

Kwa hiyo nilimfuata, yeye mbele na mfuko begani, amekataa nimpokee. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imefagiliwa. Mkewe alituletea ugali wa mtama na mlenda, akauangalia ule mfuko, akamwangalia mumewe, akarudi jikoni. Nilipewa chumba cha mbele, kitanda cha kamba, blanketi lenye harufu ya sabuni. Mfuko alikwenda nao chumbani kwake. Nilimsikia akiteremsha komeo, halafu, baada ya kufikiri, akisogeza kitu kizito kwenye mlango.