Gunia la Maziwa Juu ya Upinde

Harufu ya gari lililofungwa vioo juani naijua kuliko harufu ya jiko la mama yangu. Ni harufu ya zulia la mpira linaloanza kulainika, vumbi la viti, na kama ndani mna upinde, harufu ya gundi. Hapa Garissa mtu hujifunza mapema kutogusa chuma cha mlango saa saba mchana. Mimi nilijifunza na jambo jingine, nikiwa darasa la saba hapa mtaani Iftin, na tangu siku hiyo sijawahi kuegesha gari lenye pinde nikaondoka mikono mitupu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Ni kazi ya kuchosha, na mimi nimeichoka kweli.

Kiangazi hicho, kile tunachokiita jilaal, mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mwalimu Mutuku, mtu wa Kitui aliyeletwa kufundisha hesabu akakuta uwanja mtupu na mpira mmoja uliotoboka. Akaja na pinde tatu. Mbili alizichonga mwenyewe kwa mianzi. Wa tatu ulikuwa wa kiwandani, rangi ya tende, umetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Huo ulikuwa wa Fardosa, rafiki yangu wa dawati moja, kwa sababu yeye pekee ndiye aliyeweza kuuvuta mpaka kamba ikamgusa mdomo bila mkono kutetemeka. Tulibana mikono ya nguo zetu kwa mipira ya nywele ili kamba isiinase, tukasimama kwenye mchanga tukilenga magunia yaliyojazwa majani makavu. Sheria za mwalimu tulizijua kama sala: ukimaliza, legeza kamba, usiuegemeze upinde ukutani, na usiuache ndani ya gari, hata kwa muda wa kununua soda. "Gundi ikishika moto inaachia," alituambia kila siku, mpaka tukawa tunamwigiza akitupa mgongo.

Fardosa hakumwigiza. Baba yake alikuwa ameshaamua kwamba shule zikifungwa angempeleka Buna, mbali kaskazini, kwa bibi yake, akakae huko na mbuzi. Njia ya kukwepa ilikuwa moja tu. Shule moja ya bweni ilikuwa inamtuma mwalimu wake kuja kuchagua wasichana wawili wenye shabaha, na baba alikuwa amekubali kwamba akichaguliwa, basi atasoma. Fardosa alinieleza hayo mara moja tu, tukiwa bombani, kisha hakuyarudia.

Siku ya mashindano tulikwenda kwenye uwanja wa shule nyingine, ng'ambo ya mji, ndani ya gari la Mwalimu Mutuku. Mama yangu, hooyo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na asubuhi hiyo alitupakilia mtungi mmoja uliofukizwa moshi, wa kuwakirimu wenyeji wetu, ameufunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Ndivyo wachuuzi wa maziwa wanavyosafiri hapa: gunia likibaki na unyevu na upepo ukilipiga, maziwa hayaharibiki. Tulipofika jua lilikuwa limeshawaka, wakubwa wakaahirisha mchezo hadi baada ya sala ya alasiri. Mwalimu aliitwa ofisini. Akanipa ufunguo, akasema, "Zitoe pinde, legeza kamba, kaa nazo kivulini."

Za mianzi nilizitoa. Kivuli chenyewe kilikuwa kibaraza kimoja, kimejaa watoto wa shule ile, na kila mmoja alitaka kushika, kuvuta, kujaribu. Niliogopa wangeuharibu upinde wa Fardosa. Tena nilikuwa na njaa, na wali ulikuwa ukinukia upande wa pili, sina haja ya kuficha hilo sasa. Kamba yake ilikuwa ngumu, sikuweza kuilegeza peke yangu. Basi nikachukua gunia la hooyo, nikalilowesha tena bombani, nikauviringisha upinde vizuri kama mtungi, nikaulaza kiti cha nyuma, nikafunga vioo vyote vumbi lisiingie. Nilijiona mwerevu. Nilikwenda kula nikiwa na furaha ya mtu aliyempita mwalimu wake akili.

Nilipofungua mlango baada ya alasiri, mvuke ulinipiga usoni. Gunia lilikuwa na joto kama uji. Nilipangusa upinde kwa hijabu yangu, nikautazama, nikauona mzima, nikampa Fardosa. Alivuta mara moja. Kamba ilipofika mdomoni nilimwona akisita, kisha mlio ukatoka, na mbao zikaachana toka juu hadi kwenye mshikio. Hakuumia. Alipewa upinde wa mianzi asiouzoea, na mishale yake yote ikaenda kulia. Waliochaguliwa walikuwa wengine.

Mwalimu mkuu wetu aliuliza mbele ya watu nani aliyeacha upinde garini. Mwalimu Mutuku alitazama gunia, akanitazama mimi, akasema, "Ni mimi. Gari ni langu." Nikalikunja gunia lile. Muhula uliofuata Fardosa alikuwa Buna.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa michezo, na pinde ninazo sita. Nikisimama benki naingia nazo, nikinywa chai naziweka chini ya meza, na vijana wa sokoni huniuliza, "Mwalimu, fita iko wapi leo?" wakimaanisha vita. Nacheka kidogo kwa adabu. Magari siku hizi yana viyoyozi, lakini ukizima injini jua ni lilelile.

Mwezi uliopita Fardosa alikuja kumwandikisha binti yake shuleni kwetu. Tuliketi ofisini, nikamwambia yote, gunia, maji, vioo, huku nikitazama meza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa.

"Abaayo, dada yangu, nilijua," akasema. "Kamba iligusa mdomo wangu. Ilikuwa na ladha ya maziwa ya mama yako, yale ya moshi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Wangekutoa kwenye timu. Mimi nilikuwa nimeshakosa. Tukose wote wawili, wallahi, ili iweje?"

Akanyanyuka, akaniomba nimwonyeshe binti yake namna ya kushika upinde. Kwanza alitangulia mpaka kwenye gari langu, lililokuwa limesimama juani, nami nikamfuata. Alichungulia kiti cha nyuma, akakikuta kitupu, akanishika bega. Pinde zilikuwa ndani ya ofisi, nyuma ya kiti alichokuwa amekalia, kamba zimelegezwa.