Mto Upande wa Miguuni

Kama tulikuwa tukimgeuza bibi kila baada ya saa mbili, kwa nini kidonda cha nyonga ya kulia kilizidi kuchimbika?

Nilimuuliza mama mdogo swali hilo mara nyingi kuliko ilivyofaa. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani, mlimani juu ya Soni, nikisaidia kumuuguza bibi aliyelazwa na kiharusi. Maduka yalishaanza kujaa vitu tena baada ya miaka ya uhaba, nikamnunulia godoro jipya la sponji nikidhani nimemaliza kazi. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza, akatikisa kichwa.

"Godoro halimgeuzi mtu."

Tumlaze kushoto, kisha chali, kulia hapana. Awe mkavu, shuka lisiwe na mikunjo, tusisugue palipo pekundu. Kidonda kikifika mfupani, alisema, tutampoteza.

Nikaandika ratiba, nikaibandika ukutani. Asubuhi nilimlaza ubavu wa kushoto, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, majirani wawili waliokuja kumjulia hali walikuwa wanatoka, na bibi amelalia kidonda.

"Mama mdogo, nani kamgeuza?"

"Si una ratiba, msomi? Iulize."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama mdogo kwamba anamuua mama yake kwa uvivu. Alinitazama, akaendelea kufua shuka.

Kesho yake akasema bati linavuja upande wa kichwani. Tukahamishia mto miguuni, bibi tukamlaza kichwa huko. Tangu siku hiyo alitulia kila tulivyomlaza. Baada ya wiki kadhaa kidonda kikaanza kufunga kutokea pembeni. Muuguzi aliisifu ratiba, nami nikazipokea sifa zote.

Bibi aliishi miaka mingine, akaondoka kwa uzee, ngozi yake nzima. Muda mrefu baada ya hapo, tukipukuchua mahindi, nilimwomba mama mdogo radhi kwa lile neno la uvivu.

"Ukimlaza kushoto alikuwa anatazama ukuta," alisema. "Watu wanaingia, wanampa shikamoo, aitikie marahaba kwa mgongo? Alikuwa ananiomba nimgeuzie mlangoni. Akanikataza nisikwambie, maana ungewafukuza wageni."

"Kumbe bati lilitusaidia; kichwa kilipohamia miguuni, kushoto kukawa mlangoni."

Mama mdogo alichukua hindi jingine.

"Bati lile halijavuja hata siku moja."