Pembe ya Wakwe

Hapa Mwiki wananijua kwa mdomo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, yule mama anayepiga hodi kuuliza kama mtoto amechanjwa, na nikikuta mwenye nyumba amelala kwa mtaro jua likiwa limeshapanda, sinyamazi. Nimeambiwa mara nyingi nitafute kazi yangu. Nami hujibu kwamba kazi yangu ndiyo hii, inuka twende.

Tunakopelekana ni nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha masomo ya watoto. Kila Jumatano jioni kikundi chetu cha ushauri hukutana hapo, na kwa kuwa viti ni vya watoto, utaona wanaume wazima wamekaa magoti yakikaribia kidevu. Wapo walioacha pombe, wapo wanaopambana na bangi na vidonge, na wapo ambao hawajawahi kuonja chochote ila mawazo yamewakalia hadi hawalali wala hawali. Tunawaweka pamoja kwa sababu ukifungua shida moja mara nyingi unaikuta na nyingine ndani. Muuguzi mmoja kutoka hospitali ya Ruiru ndiye aliyetufundisha kusikiliza bila kuhubiri. Kusikiliza nilijifunza haraka. Kutohubiri, haki, kulinitesa.

Huwa tunafanya mazoezi ya kukataa. Mmoja anashika kikombe cha maji na kujifanya rafiki mbaya, mwingine anakataa, sisi tunatazama. Tunacheka sana, maana walioacha zamani ndio wanaojua kushawishi. "Buda, yaani umekuwa malaika? Onja tu!" Na anayekataa lazima aseme kwa sauti, bila visingizio: mimi sinywi.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa anashindwa hapo hapo kwenye visingizio. Ni fundi wa kuchomea milango na madirisha, mtu wa kwetu magharibi. Alikuja Thika akiwa kijana kufanya kazi kiwandani, pombe ikamtoa kiwandani, ikamleta Mwiki, na ilibaki kidogo impeleke kaburini. Daktari alimwambia wazi kwamba ini lake halitastahimili tena. Akaacha. Halafu kwenye matanga fulani akapewa kikombe kimoja, cha heshima tu, na hatukumwona msimu mzima. Binti yake wa pekee ndiye aliyezunguka vichochoro akimtafuta, hadi akamrudisha kwetu akiwa mifupa. Tukaanza naye upya.

Mara hii akasimama. Mikono ikatulia, wateja wakarudi, mke wake akaanza kuimba tena akifua nguo. Na binti, ambaye anafanya kazi ya saluni kule Kahawa Wendani, akampata kijana wa kutengeneza simu, Mkikuyu wa Gatuanyaga. Wazazi wa kijana wakaomba kuja kuposa kwa desturi yao. Fundi akakubali kwa furaha, akidhani ni mbuzi na hotuba.

Jumatano iliyofuata alitangaza habari hizo, tukapiga makofi, isipokuwa mama mmoja Mkikuyu wa kikundi chetu. "Umeuliza habari ya pembe?" akasema. Akatueleza kwamba wakwe huja na muratina, ile pombe ya asali, wakaimimina kwenye pembe ya ng'ombe. Msichana anapewa pembe, baba yake anamwuliza mbele ya watu wote, tunywe? Akionja na kumpa baba, na baba akanywa, kijana amekubaliwa. Akiirudisha kwa wenyewe, amemkataa, na wageni wanashika njia.

Fundi akaketi tena kwenye kiti chake cha mtoto. Nikamwambia usijali, siku hizi waliookoka wanatumia soda, na kweli tulipotuma ujumbe Gatuanyaga, mama ya kijana alijibu kwamba ni sawa, soda itatosha. Tukapumua.

Shida ikaja na ndugu za fundi waliosafiri kutoka nyumbani kwa ajili ya sherehe. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unakosa mahali pa kukaa. Utaitapika aibu yako mbele yake? Wakaamua habari ya ulevi isitajwe, na mtu akiuliza, fundi yuko kwa dawa ya tumbo. Nilikasirika nikasema wazi kwamba uongo ndio mlango anaopitia kurudi kwa pombe. Kaka mkubwa akanijibu, "Dada, hiyo ni ya kikundi. Hii ni ya ukoo." Kwa vile dada zao wote wako mbali, walikuwa wameniomba nikae kama senge, yaani shangazi wa binti, kwa hiyo nikafunga kitambaa changu kichwani na kununa kwa adabu.

Wageni walifika Jumamosi nyumbani kwa fundi. Tuliwafungia geti kama inavyotakiwa, wanawake wao wakaimba wakiomba njia, wetu wakajibu kwa maringo, vijana wa ploti wakarekodi kwa simu. Wenzetu wa kikundi walikuwa nyuma wakipika. Basi tukala, tukaongea, kila kitu kikaenda vizuri mpaka mzee wao msemaji, ndugu ya babu ya kijana, alipoinuka na kuomba aletewe mzigo wake. Ulikuwa mtungi wa plastiki. Harufu ilinifikia kabla hajaufungua.

"Niliambiwa kuna soda," mzee akasema. "Soda ni ya watoto. Hii nimepika mimi mwenyewe."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama ya kijana aliinama akashika kichwa, lakini kumkatiza mzee mbele ya watu hakuweza. Nikamtazama fundi. Alikuwa amekunja kitambaa cha suruali juu ya goti na kukikamata kwa nguvu. Kaka yake akawahi kusema ndugu yangu yuko kwa dawa. Mzee akacheka, "Hata mimi niko kwa dawa! Aonje tu." Unaona sasa? Kisingizio hujibiwa kwa onja tu. Niliwaambia!

Pembe ikajazwa, akapewa binti, akasimama nayo mbele ya baba yake. Nilimjua yule mwanamume. Nilisoma usoni kwamba ameshaamua. Angekunywa. Asingeharibu siku ya mtoto wake hata kama ingemuua.

"Tunywe, mwanangu?" akauliza, sauti imekauka.

 Binti akageuka, akavuka uwanja ule wote na gauni lake jipya, akapiga magoti mbele ya mzee na kumwekea pembe mikononi. "Guka, chukua," akasema, akimwita babu kwa lugha yake.

Woi! Nilisikia mwanamke upande wa pili akimwita Mungu kwa Kikuyu, Ngai! Kijana alisimama, akakaa, akasimama tena, midomo wazi. Na binti alijua vizuri alichofanya, maana mama ya kijana alikuwa amemfundisha kila hatua. Alikuwa ameitoa ndoa yake ili baba yake abaki hai. Mzee akashika mkongojo wake polepole. "Basi tumejibiwa," akasema. "Watu wa Gatuanyaga, twendeni." Viti vikaanza kusogezwa.

Hapo fundi akainuka. Kaka yake akamkamata koti, fundi akambandua vidole.

"Kaeni," alisema. "Tafadhali kaeni. Huyu mtoto hajamkataa kijana wenu. Anampenda, sisi wote tunajua. Amenikinga mimi." Akaionyesha pembe kwa kidole. "Mimi ni mlevi. Niliacha, na nikionja hiyo yenu nitarudi, na nikirudi nitakufa. Yeye ndiye alikuwa ananitoa mitaroni akiwa na sare ya shule. Leo mmempa pembe, akachagua kupoteza bwana kuliko kunipoteza. Sitakubali. Kama kuna mtu wa kukataliwa hapa, nikataeni mimi. Mimi sinywi."

Nilisahau kama mimi ni senge. "Sema, fundi!" nikapiga kelele, na kutoka nyuma wapishi wetu wote wakajitokeza na miiko mikononi, "Sema!" wakipiga makofi vile tunavyopiga Jumatano. Machozi yalinitoka na sikujali. Watu wenye shida zao, wanaotembea Mwiki wakitazama chini, walikuwa wamesimama katikati ya sherehe vichwa juu.

Lakini sasa neno lilikuwa la wageni. Mzee aliitazama pembe. Akamtazama binti ambaye bado alikuwa amepiga magoti. Tulingoja, na mimi nilikuwa nimeshaandaa matusi yangu yote.

"Kijana wetu ana bahati," mzee akasema hatimaye. "Mke wa namna hii nani anampata?" Akainamisha pembe akamwaga muratina yake yote kwenye nyasi, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akamgeukia fundi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mkwe, nisamehe. Sikuambiwa sababu ya soda. Huko jikoni hakuna kitu kingine tunaweza kunywa?"

Kulikuwa na uji wa wimbi, wa watoto. Niliinyakua ile pembe, nikaenda kwa bomba nikaisugua kwa sabuni mara nyingi, wageni wakinicheka, nikainusa, nikaisugua tena. Nikaijaza uji, nikampa binti. Safari hii kila mtu alikuwa amesimama, hata kaka mkubwa, ambaye alikuwa akijifuta macho na tai. Baba akauliza tena, na sasa sauti ilikuwa yake.

"Tunywe, mwanangu?"

Binti akaonja, akampa, akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kunywa, baba," akasema. "Kunywa umalize."