Miti Kumi na Minne ya Dzatugbe

Dzatugbe alikuwa na shingo ya kubebea mizigo na ulimi wa kumwangusha mwenye mzigo. Wanajeshi wapimaji, Waingereza kwa Wafaransa, walipoingia nchi ya Waewe kugawana ardhi waliyomnyang'anya Mjerumani, yeye aliwabebea saruji ya nguzo zao huku akiwacheka. Wakubwa wawili, darubini mbili, na kila kilima lazima kipimwe mara mbili!

Asubuhi moja mkalimani Agbeko akawaeleza wapagazi mapatano ya wakubwa.

"Hawapasui shamba la mtu. Wakikuta anya, ile miti tunayopanda kutenga mashamba, mstari unafuata anya. Huku kwa Mwingereza, kule kwa Mfaransa."

Dzatugbe akatua saruji bila kusaidiwa. Anya zilizokuwa mbele zilikuwa zake! Miaka tisa nyuma yeye na kaka yake, Tsikata, waligombea shamba la viazi vikuu la marehemu mama yao, wakapanda miti hiyo katikati, wasisalimiane tena. Sasa Tsikata angehesabiwa Mfaransa, na kumwona kungetaka kibali. Moyo ukamuuma. Kumbe alikuwa bado anampenda jeuri yule.

Akamkimbilia. "Kaka, chukua jembe!"

"Bubu wa miaka tisa, leo umepona?"

"Nitukane njiani. Wazungu wanataka kufanya anya zetu mpaka wao. Ukizubaa utalipa kodi kwa Kifaransa."

"Si ung'oe mwenyewe?"

"Zilizopandwa na wawili hazing'olewi na mmoja. Wajua vizuri!"

Alijua. Ni mwiko. Tsikata akashika jembe, na kibuyu cha pombe ya mchikichi kwapani. Waling'oa miti yote kumi na minne wakitukanana na kucheka, pombe kidogo ikimwagwa kila shimo, nyingi ikiingia vinywani.

Wakubwa wakafika, wakakodolea mashimo macho. "Mpaka uko wapi?"

"Mpaka gani?" Tsikata akauliza, mkono begani mwa dada yake. "Hili shamba la mama yetu."

Agbeko akatafsiri, uso mkavu. Mwingereza na Mfaransa wakabishana, kisha wote wawili wakatia sahihi: mstari uhamie anya zinazofuata, ng'ambo ya kijito kilicho nyuma ya nyumba ya Tsikata.

Dzatugbe akarudi kuchukua saruji yake, asiikute. Tsikata alikwisha kujitwisha.

"Tangulia," akamwambia. "Nionyeshe hiyo Ufaransa uliyoninyima."